Kwa Kipimo Kipi

Alikuwa mwoga. Nalisema mapema, na wala halikuwa siri. Mgodi mzima ulijua. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa meneja, aliogopa maji ya kisima asichokijua na mtu yeyote anayemjia kwa nyuma. Chai yake aliifunika kwa kisahani, akakiinua, akapiga funda moja, akaifunika tena. Vijana wa zamu walimwigiza kantini mpaka machozi yakawatoka. Lakini mimi nimeishi na wanaume majasiri wengi, mume wangu akiwa mmoja wao, na hakuna aliyewahi kunitia hofu kama aliyonitia mwoga yule.

Tulimwita Mpima Vumbi. Sikumsikia mtu akimwita vinginevyo, nami sitaanza leo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, na mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati ya mgodi: kusafisha vidonda, kuchemsha sindano, kugawa dawa za malaria. Kona moja ya zahanati, karibu na dirisha, ndiyo ilikuwa ofisi yake. Alikuwa na meza, kiti, na hadubini ndani ya sanduku la mbao. Kazi yake ilikuwa kwenda kinuni, pale mawe yanapopondwa, kunasa vumbi juu ya vipande vya kioo kwa pampu ya mkono, kisha kuja kulitazama na kulipima ukubwa. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa mtu wa kinuni. Kwa hiyo kila kilichosemwa kwenye kona ile kilihusu pumzi ya mume wangu, na nilitega sikio hata nilipojifanya nakunja bandeji.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba nilikuwa naogopa vumbi ambalo silo. Baba Kulwa alikuwa akirudi mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Siku moja nikasema, vumbi hili litaniulia mume.

"Hilo unaloliona silo ninaloliogopa," alisema Mpima Vumbi. "Hilo ni kubwa, Mama Kulwa. Linanasa puani, atapiga chafya litoke. Mimi naogopa lile dogo ambalo jicho halilioni. Lile linapita. Linashuka mpaka mwisho wa pafu, na likishafika huko halirudi."

Alisema kwa sauti ya chini huku akitazama mlango, kana kwamba vumbi lenyewe lingeweza kuingia na kumsikia. Tangu siku ile hata hewa ya asubuhi, ile safi inayonukia majani mabichi, sikuiamini tena. Nilikuwa nikilala sikio langu likiwa karibu na mgongo wa mume wangu, nasikiliza.

Na alikuwa na mambo yake. Akipita kambini akamwona mwanamke anakung'uta shati la mumewe uani, mtu yule anayeogopa mbwa alikuwa anakatiza katikati ya mbwa akipiga kelele: "Usikung'ute! Loweka! Loweka kwanza!" Watoto waliligeuza kuwa mchezo. Mmoja anakung'uta gunia, mwingine anakimbia akishika suruali, "Loweka! Loweka!" Wanangu mapacha, Kulwa na Doto, waliujua mchezo huo kabla ya kujua kuhesabu. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, kisha nikaingia ndani nikaloweka.

Neno lake kubwa lilikuwa "Kwa kipimo kipi?" Umwambie nyoka aliyeuawa jana alikuwa mkubwa, atakuuliza, "Kwa kipimo kipi?" Umwambie mama fulani mgonjwa sana, "Kwa kipimo kipi?" Mwanzoni nilidhani ni kiburi cha msomi. Baadaye nikaona hakuwa anabishana na mtu. Neno kama "kubwa" au "dogo" likisemwa hivi hivi tu lilimkosesha raha, kama wengine wanavyokosa raha mtoto akichezea kisu.

Na mtu huyo huyo alivuta sigara. Nisingeamini kama nisingemwona mwenyewe, nyuma ya zahanati, anavuta moja kwa nyingine. Nikamsuta: wewe unayewakimbiza watu kwa vumbi, na moshi huo? Akanijibu bila aibu, "Huu nimeuchagua mwenyewe. Baba Kulwa lile amechaguliwa." Wala radi anayoiogopa haikumzuia kupanda ngazi ya chuma ya kinu wakati wingu limetanda, pampu ikiwa begani, mpaka juu kabisa penye ukungu mweupe, mahali ambapo hata msimamizi hapandi. Alishuka akiikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Nilimuuliza kwa nini anapanda kama anaogopa hivyo. Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Ndiko vumbi liliko," alisema.

Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, alikuwa na ibada yake. Ndani ya jicho la hadubini mlikuwa na rula ndogo sana, mistari tu, haina namba ya maana. Rula ile, alinieleza, peke yake ni bure. Haijui kama inapima punje au mlima. Kwa hiyo alitoa kwenye kijaluba kipande cha kioo alichokithamini kuliko saa yake, chenye milimita moja ya kweli iliyogawanywa vipande mia, akakiweka chini ya lenzi, akasogeza mpaka mistari ya juu na ya chini ikalingana. Hapo ndipo alipojua kila mstari wa rula ya jichoni una thamani gani. Akibadilisha lenzi, anarudia. Mtu akiigusa meza wakati anafagia, anarudia. Nilimtania kwamba anafanana na fundi cherehani anayepima futi yake kila asubuhi kuona kama imerefuka. Hakucheka. Alisema rula ya jichoni haibadiliki, ila kila lenzi inaonyesha ulimwengu kwa ukubwa wake, na mtu asipojua hilo atalala usingizi mzuri akiwa amekosea.

Mpaka wa hofu yake ulikuwa mikroni tano, na milimita moja ina mikroni elfu. Punje iliyo juu ya hapo, aliitazama akapumua. Iliyo chini, alikunja uso. Na za kinuni zilikuwa chini, mwezi baada ya mwezi. Akaandika kwamba wanaume wa kinuni waondolewe kwa zamu, na mabomba ya maji yawekwe ili mawe yapondwe yakiwa yameloa. Meneja alikuja mwenyewe zahanati. Mimi nilikuwa namfunga mtu mkono.

"Hizo punje ndogo ni macho yako tu," alimwambia. "Kila mtu hapa anajua unaogopa hata kivuli chako. Niletee picha. Picha haina woga."

Hapo ndipo ilipoanza habari ya picha. Kamera ikaletwa, ikafungwa juu ya hadubini, na Mpima Vumbi akapiga vumbi la kinuni picha. Filamu zikapelekwa Shinyanga mjini, kwenye studio ya Mhindi mmoja ambaye familia yake ilikuwa na maduka pale, mtu mpole, mkarimu, aliyetupiga sote picha za harusi na za ubatizo. Tulimwita Fundi Picha. Mpima Vumbi alimwandikia kwamba kila picha ioshwe kwa ukubwa ule ule, na nyuma yake yaandikwe maneno haya: sentimita moja ya picha hii ni mikroni kumi. Basi. Ukishakuwa na picha, unaweka rula ya kawaida ya shule juu ya punje, unapima, unajua.

Picha ziliporudi, aliketi dirishani na rula. Nilimwona anapima, anapima tena, kisha anaegemea kiti. Punje zilikuwa kubwa. Karibu zote zilikuwa juu ya mpaka wake. Halafu akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake ya nyuma.

"Kumbe kweli ni woga wangu, Mama Kulwa," alisema. "Macho yangu yalikuwa yananitisha bure."

Nilifurahi jamani. Nisiwe mnafiki, nilifurahi mpaka nikapika kuku siku ile. Akatia sahihi yake kwamba vumbi la kinuni ni la punje kubwa, habari ya mabomba ikafungwa, na Baba Kulwa, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kati ya wale wa kuhamishwa, akabaki kinuni. Kwa muda ule Mpima Vumbi akawa mtu mwingine. Chai aliinywa bila kufunika. Aliwahi hata kumrushia mbwa mfupa. Yakapita masika mawili ya raha namna hiyo.

Kilichomwamsha ni pamba. Alikuwa anapanga picha mpya, akaona katikati ya vumbi kuna uzi mmoja uliojisokota. Akauangalia. Akachukua rula akaupima unene. Akaupima tena. Akainuka polepole, akaja mpaka kwenye meza yangu ya dawa, na uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani, tena zaidi.

"Mama Kulwa, nipe pamba."

Nikampa fungu la pamba ya vidonda. Akachomoa uzi mmoja usioonekana vizuri hata kwenye mwanga, akauweka kwenye kioo, akalinganisha rula yake ya jichoni kwanza, hata katika hofu ile hakuacha kulinganisha, kisha akatazama. Sisi Wasukuma tumezaliwa katika pamba, tumeipalilia, tumeichuma, tumeilalia, lakini sikujua kwamba uzi wake mmoja una unene unaojulikana. Yeye alijua. Uzi wa kwenye hadubini ulikuwa na unene wa pamba. Uzi wa kwenye picha ulikuwa zaidi ya mara mbili ya huo.

"Hakuna pamba ya namna hii duniani," alisema. Kioo kikamponyoka kikaanguka chini.

Alikwenda Shinyanga kumuuliza Fundi Picha, na Fundi Picha alimjibu kwa moyo mweupe kabisa. Picha zile, alisema, zilikuwa na nafasi tupu nyingi pembeni. Mteja gani anapenda sura yake iwe ndogo katikati ya nafasi tupu? Kwa hiyo alichukua ile sehemu ya katikati yenye vumbi zuri, akaikuza mpaka ikajaza karatasi. Karatasi ni ya ukubwa ule ule kama alivyoagizwa. Maneno ya nyuma ni yale yale kama alivyoagizwa. Alimfanyia hisani, wala hakumwongezea bei. Wateja wote hupenda sura ijae.

Basi punje zote zilizopimwa kwenye picha zilikuwa zimekuzwa, na zile zilizoitwa kubwa zilikuwa ndogo, zile zile zisizorudi. Yule bwana alikuwa ameacha kuogopa mara moja tu katika maisha yake, na ndiyo mara aliyopaswa kuogopa. Mume wangu alikuwa amevuta hewa ile masika mawili kwa sababu ya raha yetu.

Meneja alimwambia ripoti imekwisha kwenda, mgodi wenyewe haukai sana utafungwa, anyamaze. Nilitegemea atanyamaza. Mtu anayeogopa mbwa atawezaje kutonyamaza mbele ya meneja? Lakini zamu ilipokuwa inabadilishana, wanaume wote wakiwa uwanjani, wanaotoka weupe na wanaoingia weusi, nilimwona anapanda juu ya gogo. Nilikuwa nimepeleka dawa za kifua. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Ndugu zangu, nilikosea," alisema. "Niliandika kwamba vumbi lenu ni kubwa. Si kubwa. Vumbi lenu ni dogo. Ni dogo sana!"

Wanaume wakashangilia. Walipiga makofi! Kwani dogo si afadhali kuliko kubwa? Mmoja akarusha kofia juu. Mpima Vumbi akawa anapunga mikono, hapana, hapana, na kadiri alivyopunga ndivyo walivyozidi kucheka. Na katikati ya kelele ile nikasikia sauti nene ninayoijua, sauti ya mume wangu, ikimwigiza kwa neno lake mwenyewe:

"Dogo kwa kipimo kipi?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Yule mtu akashuka kwenye gogo. Hakumaliza wiki pale mgodini.

Nyumbani nilimsihi mume wangu aache kazi. Nililia, nikamlaza Doto mapajani mwake ili amwonee huruma. Alinijibu kwa upole, "Mama Kulwa, mwaka jana mtu huyu kasema kubwa, mwaka huu kasema dogo. Mwakani atasema hakuna." Na hivyo ndivyo ilivyoonekana. Akabaki kinuni mpaka mgodi ulipofungwa.

Tulirudi kwao Samuye, tukashika jembe na ng'ombe. Kikohozi kilikuja nyuma yetu, taratibu, kama mgeni anayejua njia. Nikampeleka hospitali mjini Shinyanga, na ile siku ninaingia maabara na kikopo cha makohozi, ni nani aliyekaa nyuma ya hadubini? Alikuwa ni yeye, mvi zimeanza, chai imefunikwa. Hakuniuliza ni makohozi ya nani. Alisoma jina kwenye kikopo, akaketi.

Miaka ile yote nilimpelekea vikopo, na kila mara tuliomba jambo moja, mimi kwa sauti, yeye kimyakimya: kwamba aone vijidudu vya kifua kikuu. Mtu wa nje angetushangaa. Lakini TB ina dawa, vumbi lililokwisha shuka pafuni halina. Kila mara alitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa, akainua kichwa, akasema, "Hakuna." Majirani walisema Mungu ashukuriwe. Yeye alitoka nje kuvuta sigara, na niliwahi kumkuta analia ukutani huku sigara inaungua yenyewe.

Kuja nyumbani kumwona mgonjwa hakuja hata siku moja. Samuye si mbali. Aliuliza habari zake tu. Nikisema anaendelea vizuri, aliuliza kwa kipimo kipi, nami nikajifunza kumjibu: mwaka jana alifika kisimani bila kupumzika, mwaka huu anapumzika kwenye ule mti wa mnyaa wa jirani. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu pale. Wanafunzi wake wa maabara aliwafundisha kukwaruza mstari wa kipimo kwa sindano juu ya filamu yenyewe, ndani ya picha. "Ukiwa ndani," aliwaambia, "hata wakiikuza picha iwe kubwa kama mlango, mstari utakua nayo." Walimwona mzee msumbufu.

Miaka ya themanini vijana wakaanza kukimbilia mashimo madogo madogo ya Geita, na Doto wangu akiwa mmoja wao. Kulwa, pacha wake, alikwisha kuolewa huko Mhunze. Doto alikuwa mtwangaji: unatwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma mchana kutwa, mawe yakiwa makavu. Siku aliyokuja kutusalimia aliingia uani mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Nilishika nguzo ya nyumba. Nilidhani namwona baba yake.

Sikupoteza siku. Nilimtafuta Mpima Vumbi mpaka Nyahanga, Kahama, alikohamia alipostaafu, anafuga kuku. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda.

"Nimekuja kukuomba uje umtishe mwanangu," nilimwambia.

"Mama Kulwa, mimi sijawahi kumtisha mtu akanisikia."

"Ulinitisha mimi."

Alitazama kuku wake. Nilijua anachokiogopa, wala hakikuwa Doto. "Baba Kulwa yupo nyumbani?" aliuliza.

"Yupo. Haendi popote tena."

Akawafungia kuku bandani, tukaondoka.

Tulifika Samuye jioni jua likiwa bado lipo. Baba Kulwa alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, kama anavyokaa siku zote ili apate hewa. Mpima Vumbi alisimama nje ya ua kwa muda. Kisha akaja akainama, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mume wangu alimtambua. Alimpigapiga mkono, kama unavyombembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

Doto alisalimu, "Shikamoo mzee," akakaa, maana ni mtoto mwenye adabu. Mpima Vumbi akatoa picha mfukoni, picha ya vumbi yenye mstari wa kukwaruzwa, akaanza kueleza. Alieleza vibaya. Sauti ilikuwa ile ile ya juu ya gogo. Akasema habari ya mikroni, habari ya lenzi, habari ya mwisho wa pafu, yote kwa mkupuo. Nikamwona Doto anajizuia kutabasamu.  Nilisema moyoni, tumeshindwa tena.

"Nimekusikia mzee," Doto alisema kwa heshima. "Lakini mimi ni kijana, nina nguvu. Na lile la kwetu ni vumbi dogo tu."

Mpima Vumbi akairudisha picha mfukoni.  Miaka yote ile, neno lile alilomuuliza kila mtu, siku inayotakiwa hakulisema.

Ndipo kule mlangoni tukasikia kiti kinalia. Baba Kulwa alikuwa ameshika mbao za mlango, anajivuta asimame. Alivuta hewa, ikakatika njiani. Akavuta nyingine. Doto akainuka kumsaidia, akazuiwa kwa kiganja. Tulisubiri. Ile sauti nene iliyowahi kupasua uwanja kwa kicheko haikuwepo tena, ulikuwa mnong'ono tu, na kati ya neno na neno alipumzika kama mtu anayepanda kilima.

"Dogo," alisema mume wangu. "Kwa kipimo. Kipi?"

Akarudi kukaa. Alikuwa anatokwa jasho.

Doto alibaki amesimama katikati ya ua, anamtazama baba yake. Mpima Vumbi aliniomba maji ya kunywa, nikampa, akayafunika kwa kiganja. Baada ya muda Doto akavua lile shati lake la kazi, bado jeupe kwa vumbi. Alilishika mabegani kwa mikono miwili, tayari kulikung'uta, akasita. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na tukasikia anamimina maji kwenye beseni.